Vyombo ni Vitu Gani?

Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nikikata vichochoro vya Mkunazini kuelekea Darajani kununua mbatata. Nilipofika kwenye nyumba moja ya ghorofa mbili, niliikuta njia imezibwa. Mkokoteni ulikuwa umesimama mlangoni, umepakiwa kitanda kilichofunguliwa vipande vipande, godoro, masinia, na kapu la sufuria. Mahamali wawili walikuwa wamekaa barazani wakisubiri. Katikati ya mlango, nusu ndani na nusu nje, lilikuwa limesimama friji, na watu walikuwa wakigombana juu yake.

Habari yenyewe, kama nilivyoelezwa na majirani, ilikuwa fupi. Mume na mke walioishi pamoja miaka tisa walikuwa wameachana. Eda ilikuwa imekwisha, na mama mzazi wa yule mwanamke alikuwa amekuja kumchukua mwanawe. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kwa maandishi kwamba mwanamke aondoke na "vyombo vyake". Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoandikwa, na hapakuongezwa la tatu.

"Mama," alisema yule bwana kwa heshima, ingawa sauti yake ilikuwa ikitetemeka, "mimi sivikatai vyombo. Vyombo ni sufuria na sahani. Na avichukue vyote, hata kijiko kisibaki. Lakini friji si chombo."

"Friji si chombo, mwanangu?" alijibu yule bibi. "Basi ni nini? Ni mtu?"

Baadhi ya watu walicheka, kisha wakanyamaza walipomwona yule mwanamke mwenyewe. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, mkono wake juu ya cherehani, wala hakuwa amesema neno.

Bibi yule alitoa mkobani karatasi ya daftari la skuli iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni orodha aliyoiandika yeye mwenyewe wiki ya harusi, miaka tisa iliyopita: kitanda kimoja na godoro lake, kabati la nguo, meza ya kioo, makochi, cherehani moja, sufuria sita na vifuniko vyake, masinia mawili, sahani dazeni mbili, birika, mbuzi ya kukunia nazi. Mwishoni palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko wa Kiunguja hasa, "na vyombo vyenginevyo". Bibi alishikilia kwamba friji limo ndani ya "vyenginevyo". Mkwewe alishikilia kwamba vyenginevyo ni vijiko na miiko.

Mzee mmoja wa mtaa, aliyeitwa kuwa shahidi, aliinua fimbo yake na kuuliza, "Hebu tuambieni kwanza. Vyombo ni vitu gani?" Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nikitafuta upenyo wa kupita. "Wewe mwanangu ndiye mtu wa magazeti. Lugha ndiyo kazi yako. Tuambie."

Ndugu msomaji, niliona haya. Neno hili nimelitumia tangu nilipojua kusema, lakini nilipotakiwa kulieleza mbele ya watu, ulimi ulikuwa mzito. Nilimwomba mzee anipe usiku mmoja. Makala ya leo ndiyo matokeo ya usiku ule.

NENO LENYEWE

Tuanze na umbo lake. Chombo ni neno la jamii moja na choo na chuo: kiambishi "ki-" kilichokutana na irabu kikageuka "ch-", na katika wingi "vi-" ikageuka "vy-". Kikiwa kidogo tunasema kijombo, na kikiwa kikubwa ni jombo.

Maana yake ya kwanza ni kitu chenye uwazi ndani, kinachoweza kutiwa kitu kingine kikakaa: mtungi wa maji, chungu cha mchuzi, bakuli la uji. Kwa watu wa pwani, maana hiyo haikuchelewa kufika baharini. Jahazi nalo lina uwazi ndani, nalo hutiwa watu na shehena. Kwa hiyo wazee wetu waliposema "chombo kimeingia", hakuna aliyefikiri habari ya chungu. Kila mtu alijua kwamba upepo wa kaskazi umeleta jahazi kutoka Uarabuni au Bara Hindi, na kwamba kusi ikianza litageuza omo lirudi lilikotoka. Methali zetu zimejaa maana hiyo. Tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Kisha tunageukia jikoni na kusema chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Neno ni lilelile, la kwanza likinukia bahari na la pili likinukia moshi.

Maana hizi mbili si mpya. Askofu Edward Steere, aliyeishi hapa Unguja na kuchapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alizikuta zote mbili vinywani mwa watu, pamoja na ile ya tatu iliyozua ugomvi wa Mkunazini: vyombo kwa maana ya vitu vyote vya nyumbani.

Tangu hapo neno limezidi kupanuka. Leo tuna vyombo vya habari, vinavyobeba habari kama jahazi linavyobeba shehena. Tuna vyombo vya usafiri, vyombo vya moto, vyombo vya dola na vyombo vya kutoa haki. Fikra ni ileile moja: chombo ni kile kinachobeba au kinachohifadhi kitu kwa ajili ya watu. Hata hivyo, maana ya kale haijafa. Tarehe 10 Septemba 1961 au miaka mia kabla yake, au tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama meli ya MV Spice Islander I karibu na Nungwi ikielekea Pemba, Mzanzibari akiambiwa "chombo kimezama" haulizi chombo gani. Anauliza nani alikuwemo.

KITENZI NDICHO KINACHOSEMA

Sasa turudi nyumbani. Kwa nini neno moja limtatanishe mkwe na mkwewe, ilhali wote wawili wamezaliwa na kukulia Unguja?

Nimelifikiri jambo hili na nimeona kwamba maana ya vyombo hutegemea kitenzi kinachoandamana nalo. Mama akimwambia mwanawe, "Kakoshe vyombo," mtoto hatakwenda kukosha kitanda. Atakwenda kwenye karai la sahani na sufuria. Lakini jirani akisema, "Kesho nahamisha vyombo vyangu," na ukamletea kapu la kubebea sahani tu, atakushangaa. Amekusudia kitanda, kabati, mikeka, makochi, redio, na kila kilichomo baina ya sakafu na dari. Na mtu akisema amepanda chombo kwenda Pemba, hizo ni habari nyingine kabisa.

Vyombo vya kukoshwa ni vichache. Vyombo vya kuhamishwa ni vyote. Yule bwana wa Mkunazini alikuwa akilisikia neno kwa sikio la jikoni, na yule bibi alikuwa akilisikia kwa sikio la mkokoteni. Kwa kuwa siku ile ilikuwa siku ya kuhama, lugha ilikuwa upande wa bibi.

Kuna jambo jingine la ajabu katika neno hili. Hatusemi kwa umoja kwamba kitanda ni chombo. Ukimwonyesha mtu kitanda ukamwambia, "Hiki ni chombo kizuri," ataona umekosea lugha. Lakini kitanda hichohicho, kikiwa pamoja na kabati, meza na sufuria, kinaingia katika vyombo bila ya kipingamizi. Ni neno ambalo kwa wingi hukusanya vitu ambavyo kwa umoja halivitaji. Kwa sababu hiyo, anayesema "friji si chombo" anaweza kuwa mkweli, na anayesema "friji ni katika vyombo" akawa mkweli vilevile. Ugomvi ukafika njiani.

HISTORIA ILIYOMO KABATINI

Kabla hatujaendelea, fungua kabati la jikoni mwako, ndugu msomaji, utazame. Utaona kwamba vyombo vyetu ni historia ya pwani iliyopangwa juu ya rafu.

Chungu, mtungi, kinu, mchi, upawa na kata ni majina ya asili yetu wenyewe ya Kibantu. Sahani na birika tumeyapokea kutoka Kiarabu. Sufuria nalo ni la huko, kutokana na neno la shaba, kwa kuwa masufuria ya zamani yalikuwa ya shaba, si ya alumini kama haya ya leo. Sinia lina safari ndefu zaidi: asili yake katika Kiarabu ni neno lenye maana ya kitu cha China. Meza tunayolia ilitoka kwa Wareno. Kabati na friji vimetoka kwa Waingereza.

Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe, kuta nene za mawe na chokaa zilichongwa vidaka, na ndani ya vidaka hivyo zilipangwa sahani na mabakuli ya sini yaliyoletwa kwa vyombo vya baharini. Sahani hizo hazikuwekwa pale ziliwe chakula. Zilimwambia mgeni hali ya mwenye nyumba kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Naam, tangu zamani vyombo vimekuwa na kazi mbili: kutumika na kusema.

VYOMBO VYA HARUSI

Hapa ndipo neno linapogusa maisha ya watu. Katika nyumba nyingi za Unguja, za mjini na za shamba, ndoa haikamiliki machoni mwa watu mpaka vyombo vimepelekwa. Aghalabu upande wa bibi harusi huchukua mahari aliyolipwa, wazazi wakaongeza kwa uwezo wao, yakanunuliwa mahitaji ya nyumba. Siku ya kupeleka vyombo, mtaa mzima hutoka milangoni kutazama. Zamani vilichukuliwa vichwani na kwa mikokoteni. Siku hizi gari hukodiwa, na pengine likapita kwa honi. Kina mama huhesabu kwa macho: kitanda, kabati, makochi, chetezo, mrashi.

Mama aliyeweka akiba miaka kumi kwa kuuza maandazi na mikoba ya ukili hapeleki mbao na bati tu. Anampelekea mwanawe heshima ya kuingia nyumba ya watu asiwe mtu wa kuomba kijiko. Na mambo yakiharibika, vyombo hivyo ndivyo njia yake ya kurudi kwao akiwa na kitu cha kuanzia. Mwanamke mwenye cherehani yake anaweza kula kesho. Hiyo ndiyo sababu mkono wa yule mwanamke wa Mkunazini ulikuwa juu ya cherehani wakati wengine walipokuwa wakibishana juu ya friji.

Kwa upande wa dini na sheria, msingi wake hauna utata. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, na alichoingia nacho katika ndoa ni chake, hakigeuki kuwa cha mume kwa sababu ya kuwekwa katika nyumba ya mume. Utata huanzia kwa vile vilivyonunuliwa baadaye, wakati fedha za wawili zimekwisha kuchanganyika kama maziwa na chai.

Huko Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 inatumika, Mahakama ya Rufani ilitamka mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Sheria ile ya 1971 haitumiki Zanzibar. Kwetu mashauri ya ndoa ya Waislamu husikilizwa na makadhi, na sheria mpya ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imeyataja pia mashauri ya kugawana mali za ndoa pale ambapo pana mchango wa kweli. Kwa maneno mengine, swali linaloulizwa ni nani alichangia nini. Na swali hilo hujibiwa kwa ushahidi, si kwa sauti kubwa mlangoni.

JIBU LANGU KWA MZEE

Ijumaa, baada ya sala, nilirudi Mkunazini. Friji lilikuwa limelala ukumbini kwa jirani, na wote walikuwa wamekusanyika tena. Nilimweleza mzee yale niliyokueleza wewe: kwamba kwa matumizi ya Unguja, siku ya kuhama, friji ni katika vyombo.

Yule bibi akatabasamu. Lakini nikaendelea kusema, kwa kuwa nisingesema ningekuwa nimedanganya kwa nusu.

"Mzee," nilisema, "jana watu wote waligombania neno la kwanza, vyombo. Hakuna aliyelitazama neno la pili, vyake. Kamusi inaweza kutueleza chombo ni nini. Chombo ni cha nani, kamusi haijui."

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akamgeukia yule bwana na kumwuliza taratibu, "Mwanangu, fedha za friji zilitoka wapi?"

Bwana alitoa risiti, yenye jina lake. Mzee hakuitazama. "Sikuuliza nani alikwenda dukani," alisema. "Nimeuliza fedha zilitoka wapi."

Ulipita muda mrefu. Nje watoto walikuwa wakicheza gololi. Mwishowe yule bwana aliinamisha kichwa na kusema, "Katika cherehani yake. Alishona nguo za skuli miaka miwili. Mimi nililipa mafungu mawili ya mwisho, alipokuwa amelazwa kwa uzazi."

Hapo ndipo yule mwanamke alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Ni kweli, alilipa yeye," alisema. "Mama, tumrudishie."

Basi ikawa hivyo. Mafungu mawili yakahesabiwa juu ya meza, na friji likapakiwa. Sikuona aliyefurahi. Lakini niliona kwamba hakuna aliyetoka pale akiwa amedhulumiwa, na kwa siku ya namna ile hilo si jambo dogo.

TUJIFUNZE NINI?

Ndugu msomaji, sitaki usome makala hii ukadhani kwamba ni habari ya talaka tu. Vyombo hugombaniwa hata katika misiba, ndugu walipokuwa bado hawajakauka machozi. Hugombaniwa kina kaka na dada wanapohama nyumba ya wazazi. Na mara nyingi chanzo huwa ni karatasi iliyoandikwa kwa haraka, yenye neno pana mno. Kwa hiyo nakuomba uyashike mambo haya.

Kwanza, ukiandika orodha, taja kitu kwa jina lake. Andika cherehani, andika kabati, andika friji. "Na vyombo vyenginevyo" ni maneno ya kumalizia karatasi, lakini hayamalizi ugomvi. Huuanzisha.

Pili, orodha ya harusi isifungiwe sandukuni kama hati ya shamba. Kila kinaponunuliwa kitu kikubwa, kiongezwe, pamoja na mwaka na kwamba fedha zilitoka kwa nani. Mume na mke wanaopendana wasione haya kufanya hivyo. Karatasi iliyoandikwa siku ya amani hutunza haki ya wote wawili siku amani inapokosekana.

Tatu, risiti iandikwe jina la aliyetoa fedha, au majina yote mawili ikiwa wote wametoa. Aliyepita dukani kwa sababu ana nafasi si lazima awe mwenye mali.

Nne, na hili ni kwa wanaume wenzangu. Zimo nyumba ambamo mume huhesabu kila alichokinunua, na cha mke akakiita "vya jikoni". Mwenye tabia hiyo asishangae siku moja akiona kwamba mke naye amehesabiwa pamoja na vyombo, kitu cha kutumika na kunyamaza. Mwanamke si chombo. Yeye ndiye aliyekuja navyo, na pengine ndiye aliyevinunua.

Nilipokuwa nikiondoka Mkunazini, yule mzee alinishika mkono barazani. "Sasa nimelifahamu neno," alisema. "Lakini nawe nenda nyumbani ukatazame vyako."

Nilikwenda, msomaji wangu. Mimi na mama watoto tulikaa mezani usiku ule na daftari jipya. Tulifika mpaka kitu cha kumi na nne, redio, tukabishana. Tulibishana kwa kicheko, kwa kuwa ilikuwa siku ya amani. Redio imeandikwa kwa jina lake.

Wewe je, neno vyombo lina maana gani huko uliko: Makunduchi, Nungwi, Wete, Tanga, au Kigoma? Tuandikie barua, utueleze, pamoja na ugomvi wowote ulioushuhudia uliosababishwa na neno moja dogo la kila siku. Tukijaaliwa, tutazisoma barua hizo pamoja katika ukurasa huuhuu.